Neno la Kuwashia Taa

Sogeeni, sogeeni hapa. Wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, maana mlango si mahali pa kusimama, na mkishaisikia hadithi hii mtajua kwa nini. Mwenye kikohozi akohoe sasa akimalize. Sasa nyamazeni. Humu ndani kuna mahali mtu anajibu, na mkipiga kelele hamtajua aliyejibu ni nani.

Alikuwepo mshonaji mmoja, mwanamke wa mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Ujana wake aliumalizia kwenye chumba cha kupanga chenye taa moja iliyofifia kama jicho la mgonjwa, akishona magauni ya maharusi huku pua yake karibu iguse sindano. Kwa hiyo yeye na mumewe walipomaliza kujenga nyumba yao, hakuomba vigae wala makochi. Alisema, "Mimi nataka mwanga. Hayo mengine nitakalia mkeka."

Mumewe alikuwa mpima viwanja. Ndugu zake walimwita Mitambo, kwa sababu hakuna kitu chenye waya kilichowahi kumpita. Akampeleka mkewe dukani kuchagua swichi za kupandisha na kushusha mwanga. Zilijaa ukuta mzima. Kulikuwa na za kuzungusha kama redio ya zamani, na za kutelezesha kidole juu na chini. Mwenye duka akawaletea nyingine, nyeupe na laini kama ganda la yai.

"Hii ni swichi janja," akasema. "Unaiambia neno tu, taa inapanda polepole. Neno mnachagua wenyewe."

"Hizi za kuzungusha zina ubaya gani?" mshonaji akauliza. "Mikono yangu inajua kuzungusha."

"Mke wangu, mikono yako saa zote imeshika kitambaa," Mitambo akasema. "Utazungusha na nini, na meno?"

Mshonaji akacheka. Wakaichukua ile janja, na kweli jina liliifaa.

Fundi umeme, mwembamba hata watu wakamwita Waya, aliifunga jua likiwa linazama. Nyumba ilikuwa bado tupu. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kabisa ili harufu ya rangi itoke. Swichi ilikaa pembeni mwa mlango huo, kwa hiyo mtu akiiambia kitu, uso wake unatazama nje.

"Nipe neno, mama," Waya akasema.

"Mwekee 'washa' uende zako," alisema wifi yake, dada wa Mitambo, aliyekuwa akifagia vumbi.

"Washa ni amri. Nimejenga nyumba nije kuuamrisha ukuta? Nataka neno la heshima. Weka 'karibu'. Na la kuzimia weka 'kwaheri'."

"Ee wifi, sasa hapo nani anamkaribisha nani?"

"Wewe fagia."

Waya akabonyeza simu yake, akabana bisibisi kwa meno, akampa ishara ajaribu. Mshonaji akasimama, akautazama mlango ulio wazi na giza lililoanza kukaa uani, akasema, "Karibu."

Mwanga ukapanda taratibu.

"Asante," sauti ikasema. Ilikuwa ya chini, ya mtu aliyesimama muda mrefu.

"Kumbe inajibu," mshonaji akasema, akamgeukia Waya kwa furaha. Waya, bisibisi ingali mdomoni, akaguna tu.

Wakahamia. Mitambo akaenda mbali kupima mashamba, na kila magharibi mshonaji akakaa kwenye cherehani yake, akasema "Karibu," akajibiwa "Asante," na akaona ana nyumba yenye adabu kuliko wakwe wengi. Neno la kwaheri hakulitumia hata mara moja. Aliona ni mkosi mtu kuiaga nyumba yake. Akitaka kulala aliigusa swichi kwa kidole ikazima.

Jambo la kwanza lilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya utambi wa kibatari uliopulizwa sasa hivi, katika nyumba ambayo haijawahi kuingia tone la mafuta ya taa. Akafungua madirisha. Harufu ikakaa palepale, nyuma ya kiti chake.

Kisha ikaja sauti, ndogo tu, fyoo, kama ya mtu anayenywa chai ya moto na hataki kuungua. Ilikuja cherehani inaponyamaza. Akiikanyaga tena, haisikiki. Na kila alipoisikia, alilazimika kukisogeza kitambaa karibu kidogo na uso.

"Hizi taa zinachoka," akamwambia wifi yake kwenye simu. "Nyumba mpya, taa zimeshazeeka."

"Labda zimekuiga," wifi akasema.

Gauni lililokuwa mezani lilikuwa la bibi harusi, lenye shanga za kutunga moja moja, na jioni moja alizitafuta shanga kwa vidole kama kipofu atafutavyo shilingi, akasema "Karibu" kwa sauti kubwa, akarudia, akarudia tena, na kila mara akajibiwa "Asante" karibu zaidi, mara ya mwisho karibu sana hata unywele wa shingoni ukasogea, na fyoo ikaja ndefu, ya starehe, na chumba kikazama kwenye ukungu wa kahawia kama maji ya kuoshea sufuria, mpaka akawa haoni sindano, haoni uzi, haoni mikono yake mwenyewe iliyoshika gauni, na ndipo aliposikia gari la mumewe, mlango ukifunguka, na Mitambo akicheka huku akisema:

"Wewe mwanamke, umewasha taa za uwanja wa mpira? Nimeiona nyumba kutoka njia panda. Punguza, unaniumiza macho."

Mshonaji akageuza uso. Akamwona mumewe kama kivuli, mkono wake ukiwa juu ya paji la uso, kama mtu anayetazama jua.

"Taa zinawaka?" akauliza polepole.

"Zinawaka mpaka mwisho. Kwani wewe huoni?"

Aliziweka shanga mezani moja moja, kwa sababu hakutaka zimwagike, asingeweza kuziokota.

Asubuhi akaitwa Waya, na wifi naye akaja. Akaifungua swichi, akaitazama ndani na nje. "Nzima hii. Haina neno."

"Ile sauti inayosema asante, ipunguze," Mitambo akasema. "Inamtisha."

Waya akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Asante gani? Swichi hii ina sikio. Mdomo haina."

"Siku ile ulikuwepo," mshonaji akasema. "Uliguna."

"Niliguna kwa sababu nilikuwa na bisibisi mdomoni. Nilidhani aliyejibu ni wifi yako."

"Na mimi nilidhani ni wewe," wifi akanong'ona.

Wakamwita shangazi yake Mitambo, mwanamke mnene wa magoti mabovu, aliyejulikana kwa kusemezana na wasioonekana. Aliingia akinung'unika, akakwepa kiti kitupu kilichokuwa nyuma ya kile cha mshonaji, akakaa mbali nacho.

"Nani alimkaribisha?"

"Hakuna aliyemkaribisha, shangazi. Lilikuwa neno la taa tu."

"Mlango wazi, jua linazama, mwenye nyumba anatazama nje anasema karibu. Yeye ajue vipi kwamba unasema na ukuta? Kaja kwa adabu, kajibu kwa adabu, na kila jioni unamkaribisha upya. Umemwandalia nini?"

"Sijamwandalia kitu."

"Basi anakula alichokikuta. Wewe ulikuwa na mwanga machoni. Umewahi kumuaga?"

Mshonaji akatikisa kichwa, machozi yakimtoka. "Macho yangu ndiyo mimi, shangazi. Bila macho nitashona nini?"

"Usimfukuze. Mgeni wa kukaribishwa ukimfukuza anaondoka na alichokila. Mgeni siku mbili..."

"Ya tatu mpe jembe," wifi akamalizia.

"Na jembe la nyumba hii ni lipi?"

Magharibi wote walitoka, wakasimama barabarani. Mshonaji akabaki peke yake. Kutoka kwenye kopo lake alikuwa amepapasa sindano akachagua moja iliyokatika kichwa, isiyo na tundu. Alijua kwamba yenye tundu mgeni angeitunga upesi akarudi kitini.

"Karibu," akasema.

"Asante," sikioni.

"Mgeni wangu, umeshakaa siku nyingi, sasa wewe ni mtu wa nyumbani. Macho yangu hayaoni. Nitungie uzi huu."

Akanyoosha sindano na uzi nyuma ya bega lake, na vidole vikavu, vyenye joto la utambi, vikavipokea, na akasikia uzi ukilambwa, ukisukumwa, ukikosa, ukilambwa tena, na pumzi ile ikaanza kuwa nzito kama ya mtu anayetafuta kitu gizani, na kwa kuwa hakuna atungaye uzi bila mwanga, mgeni akaanza kuutoa aliokuwa ameunywa, kidogo, halafu zaidi, na ukungu ukapanda kutoka kahawia kwenda manjano, kutoka manjano kwenda weupe, shanga zikaonekana, mshono ukaonekana, na ukutani mbele yake kikaonekana kivuli chake mwenyewe na nyuma yake kingine, kirefu, kimeinamia sindano kwa bidii ya fundi.

Hakugeuka. Akasema, "Kwaheri."

Taa zikazima. Hatua zikapita pembeni yake, zikavuka kizingiti, na wale wa barabarani wakanusa utambi ukipita.

Jicho la kulia lilirudi lote. La kushoto lilibaki na ukungu, shangazi akasema hiyo ni nauli. Asubuhi waliikuta sindano juu ya kile kiti cha nyuma. Ile isiyo na tundu. Ilikuwa imetungwa uzi.

Mshonaji aliishi miaka mingi, akatumia swichi ya kuzungusha. Alipofariki, nyumba alirithi mwanawe wa kiume. Cherehani alirithi binti, na kopo la sindano pia, lakini ile moja hakuna aliyeitaka, ikazikwa pamoja naye.

Swichi janja? Shangazi aliagiza ivunjwe. Waya aliitazama, akasema, "Kitu kizima hiki jamani," akaiweka kabatini miaka yote hiyo, na mwaka huu ameifunga kwake, pembeni mwa mlango, na neno lake lilelile, kwa kuwa aliliona ni neno zuri.

Juzi mkewe alibisha kwa jirani, sindano mkononi, akaomba atungiwe uzi. Ilikuwa mchana kweupe.