Njoo Aprili

Asubuhi ile ya Juni mvua ilikuwa imewakusanya watu wote wa Kanazawa ndani ya stesheni, au ndivyo alivyoona Fumie Tsuji kutoka nyuma ya meza yake ya kuwaelekeza wageni. Miavuli ilichuruzika maji, masanduku ya magurudumu yalikanyaga vidole vya watu, na foleni ya wanaouliza njia ya bustani ilifika mlangoni. Fumie alikuwa na miaka arobaini na mmoja, sare ya buluu iliyonyooka kwa pasi, na nywele zilizobanwa nyuma bila hata unywele mmoja kutoroka. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuiacha meza ile saa za kazi.

Kijana mmoja mwenye ovaroli ya kijivu akasogea mbele, amelowa chapachapa, anajicheka mwenyewe.

"Dada, samahani. Msimu gani ni mzuri zaidi kutembelea Kanazawa?"

"Si umeshafika?"

"Si mimi, ni mama yangu. Yuko Osaka, moyo wake umechoka. Daktari amemruhusu safari moja tu ya mbali. Sasa mtu wa kuja mara moja, aje lini?"

Swali hilo Fumie aliulizwa mara hamsini kwa siku, na jibu lilitoka lenyewe. "Wiki ya kwanza ya Aprili. Micheri inachanua kando ya ngome, hakuna joto, hakuna theluji."

"Hii ndiyo kwanza Juni!"

"Basi asubiri."

Kijana akamtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akatia mkono mfukoni na kuweka mezani pipi ya ndimu yenye karatasi ya manjano. "Mama haniruhusu kutoka bila pipi. Anasema asante tupu ni ya watu wa Tokyo."

Jina lake Eisuke Morimoto, fundi wa lifti, miaka thelathini na minne, mtoto pekee. Alikuwa ameletwa kutengeneza lifti ya hoteli moja karibu na stesheni. Kila siku alirudi mezani na swali ambalo jibu lake lilikuwa limeandikwa kwenye bango nyuma yake, na kila siku aliacha pipi.

"Lifti gani hiyo inayotengenezwa wiki tatu?" aliuliza kwa sauti Bi. Ogino, mwenzake Fumie wa mezani, mjane asiyejua kunong'ona. "Au mgonjwa ni fundi mwenyewe?"

Fumie aliinamisha uso kwenye ramani zake, masikio yamemwiva. Lifti ilipopona, wawili hao walikuwa wameshakula pamoja mara sita kwenye kijimkahawa cha supu mle mle stesheni. Eisuke aliporudi Osaka, simu zikachukua nafasi ya pipi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nakula sasa hivi. Na wewe uache kunitazama."

"Nikutazame vipi nikiwa Osaka?"

"Nakujua. Unanitazama."

Raha hiyo ilikuwa na mwiba ndani yake. Fumie aliwaogopa mama za watu. Aliwahi kuolewa, akakaa miaka sita bila mtoto, hadi miaka tisa iliyopita, siku mama mkwe alipowaita shangazi saba na wazazi wa Fumie, akawamiminia chai kwa adabu zote, kisha akawaomba wamchukue binti yao. Alirudishwa kama sahani iliyoazimwa. Eisuke alijua kwamba aliwahi kuwa na mume. Kwa nini waliachana, hilo hakulijua. Na Fumie alijua vizuri kwamba mama haletwi kutoka Osaka kutazama maua tu. Anaonyeshwa mchumba, na mama wa mtoto pekee atauliza habari za wajukuu kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo kila simu ilipogusa safari ile, Fumie alitafuta kisingizio cha hali ya hewa.

"Mama anauliza Agosti ikoje."

"Joto, mpenzi. Hata njiwa wanazimia."

"Septemba?"

"Vimbunga."

"Hivi wewe umeajiriwa kuwaita wageni au kuwafukuza?"

Wakacheka wote. Lakini Oktoba, mchana mmoja wa jua zuri lisilo na kisingizio, Eisuke hakucheka.

"Nimeshapata nafasi kwenye treni ya Jumamosi. Mama ameshatoa koti lake kabatini."

"Jumamosi hii?" Fumie akaitazama kalenda. "Oktoba mvua haitabiriki, Eisuke. Mwache aje Aprili, aone micheri..."

"Fumie, nani amemuahidi mama yangu Aprili?"

Fumie akaanza kutaja vimbunga, naye akamkatiza.

"Niambie ukweli. Usichotaka ni joto, ni mvua, au ni mama yangu?"

Neno lilikuwa pale kooni. *Sizai.* Ni neno dogo kuliko jina la stesheni yoyote aliyomtajia mgeni siku hiyo, na likakataa kutoka. Alisikia pumzi ya Eisuke ikingoja, ikingoja, kisha simu ikakatwa.

Hakupiga tena, na Fumie naye akaogopa kupiga. Wiki ya kwanza aliogopa kwamba amechukiwa. Kufikia ya nne aliogopa jambo baya zaidi: huko Osaka moyo mmoja umesimama huku yeye akiuchagulia msimu. Watunza bustani wakafunga kamba kwenye matawi ya misonobari ili theluji isiyavunje, wageni wakajipanga kupiga picha, na Fumie akawaelekeza kwa tabasamu la kazi akiwa hana hata moja la kwake.

Desemba ni mwezi wa kadi za msiba. Nyumba iliyofiwa mwaka huo huwaandikia watu mapema kwamba isitumiwe salamu za Mwaka Mpya. Asubuhi ya tarehe tano, akitoka kwenda kazini, Fumie aliikuta moja kwenye sanduku lake la barua, karatasi hafifu yenye ukingo wa kijivu. Upande wa juu palikuwa na jina lake, na pembeni la anayetuma: Morimoto, Osaka.

Hakuigeuza. Aliibeba kifudifudi hadi stesheni, akaiweka chini ya ramani za mabasi, na tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana akafanya kazi juu yake kama mtu aliyekalia nyoka. Alimwelekeza bibi mmoja basi lisilo lake. Aliyeuliza msimu bora alipewa ramani ya ngome.

"Una nini leo?" Bi. Ogino akamvuta kando. Fumie akanyoosha kidole tu kwenye ramani. Bi. Ogino akachomoa kadi, akaona ukingo wake, akaacha utani.

"Nikusomee?"

Fumie akafumba macho. Alijiona amesimama mbele ya madhabahu ya wafu ya nyumba asiyoijua, akiomba radhi kwa picha ya mwanamke ambaye hakuwahi kumpa hata kikombe cha chai.

"Ni bibi yake," alisema Bi. Ogino. "Mama mzaa baba, miaka tisini na saba, Oktoba. Mama yake yu hai. Pumua basi, utanifia hapa! Na ngoja, pembeni kuna maneno ya mkono."

Mwandiko ulikuwa mkubwa, umelala upande mmoja. *Salamu za Mwaka Mpya nimekatazwa. Kuuliza hali ya hewa hakuna aliyenikataza. Januari huko kwenu kukoje? Mama Eisuke.*

Saa ya chakula Fumie alilia chooni kwa dakika kumi, akanawa uso, akarudi, akachukua kadi ya stesheni yenye picha ya micheri. Akaandika ukweli mtupu: Januari ni mwezi mbaya kuliko yote, theluji inaanguka imejaa maji, radi zinapiga wakati wa baridi, viatu havikauki, saa kumi na moja jioni ni giza. Kalamu ikasimama. Alijua akiishia hapo atakuwa salama. Akaongeza, *Njoo,* akaitia kwenye sanduku la posta kabla miguu haijabadili nia.

Jibu halikuja. Mwaka Mpya ukapita.

Katikati ya Januari, siku ya radi tangu alfajiri, treni kutoka Tsuruga, ambako abiria wa Osaka hubadilisha treni, ilichelewa nusu saa. Waliposhuka abiria, mwanamke mmoja mfupi alijikokota hadi mezani, amevaa koti jeusi, lakini shingoni kajifunga skafu ya madoa ya chui isiyoomba msamaha kwa mtu. Alikuwa akihema.

"Binti, msimu gani ni mzuri zaidi kutembelea Kanazawa?"

"Aprili, wiki ya kwa..."

Mwanamke akaweka mezani pipi ya ndimu yenye karatasi ya manjano.

Fumie aliijua karatasi ile.

"Mwanangu nimemtuma chai upande wa pili wa stesheni," alisema Mama Eisuke. "Ana miguu mirefu, tuna dakika chache. Haya. Niambie unachoniogopea."

Fumie angeweza kuinama na kumkaribisha, kama alivyofundishwa. Alitazama pipi ile. Alijua kwamba akisema atampoteza Eisuke leo, na asiposema atampoteza pole pole.

"Mama, mimi sizai. Niliachwa kwa sababu hiyo. Eisuke sijamwambia. Nilikuzuia nisije nikakusikia ukinikataa."

Radi ikapasuka juu ya paa la vioo hadi meza ikatikisika. Mama Eisuke akafungua mdomo, hakutoa neno. Mkono ukaenda kifuani, midomo ikageuka rangi, na taratibu akaanza kuteleza kando ya meza.

Nimemuua, Fumie aliwaza. Aliruka meza ile ya miaka kumi na mmoja, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akampokea kabla kichwa hakijagonga chini.

"Mkoba," mwanamke alinong'ona.

Fumie akaumwaga mkoba. Pipi zilitawanyika hadi miguuni pa wasafiri, za manjano, nyekundu, kijani, na katikati yake kichupa kidogo. Kifuniko kilimgomea. Akakifungua kwa meno, akamwekea kidonge chini ya ulimi, akamkumbatia huku midomo yake mwenyewe ikirudia, "Mama, tafadhali. Mama, tafadhali." Bi. Ogino alikuwa tayari kwenye simu anaita gari la wagonjwa. Sekunde zilikuwa nzito. Mkono wa baridi ndani ya mkono wake haukusogea, kisha ukabana.

Jicho moja likafunguka.

"Radi ya kwenu haina adabu," alisema Mama Eisuke.

Fumie akacheka na kulia kwa pamoja, hajui kipi kilitangulia.

"Sikiliza, binti. Miaka thelathini na minane nimeishi na mama mkwe. Nilimlisha, nilimwogesha, nimemzika Oktoba. Kila asubuhi ya miaka hiyo niliamka nikimwogopa, na nilimzalia mjukuu! Kumbe mtoto hasaidii kitu kwenye hofu hiyo. Nikaapa yangu itaishia kwangu. Sitaki mtu aamke akiniogopa."

"Mama!" Eisuke alikuwa amesimama juu yao, vikombe viwili vya chai vinamwagika mikononi, uso hauna rangi. "Fumie, kumetokea nini?"

"Moyo umeruka kidogo, umerudi," alisema mama yake. "Na huyu ana neno la kukuambia. Umjibu hapa hapa, si kwa simu ile unayojua kuikata."

Fumie akalisema kwa mara ya pili, bado amepiga magoti, nywele zimefumuka, sare imelowa. Mara hii lilitoka zima.

Eisuke akaweka vikombe chini. "Ni hilo tu?"

"Usiseme 'tu'," Fumie akamkatiza, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. "Limenila miaka tisa."

Eisuke akachuchumaa mbele yake. "Sawa. Si 'tu'. Nisamehe. Mimi miezi mitatu nimeogopa kwamba hututaki. Bibi alipofariki niliishika simu kila siku nikashindwa, nikijua nitasikia Aprili tena." Akameza mate. "Nikikuomba unioe, Fumie, utaniambia nisubiri msimu?"

"Mwanamke haoi, ovyo wewe," alisema mama yake kutoka sakafuni.

"Nimechanganyikiwa, mama!"

"Sitakwambia usubiri," alisema Fumie. "Ndiyo. Leo, na theluji yake."

Wahudumu wa gari la wagonjwa wakafika, wakampima, wakasikiliza kifua, wakasema ataangaliwa hospitali kwa saa chache. Mama Eisuke akakubali kukalishwa kwenye kiti cha magurudumu, akawagawia pipi.

"Safari yako moja umeiharibu kwa mwezi mbaya," Fumie alimwambia, akimfunga skafu ya chui vizuri. "Na nilikuandikia."

"Uliandika mabaya yote kisha ukaniita. Ulipokuwa ukinisifia Aprili nilijua hunitaki. Na nani kasema nimeiharibu? Daktari ameruhusu safari moja. Kuja ni moja. Kurudi ni ya pili, hiyo sina ruhusa nayo."

"Mama, unasema nini?" Eisuke aliuliza.

"Nyumba nimeifunga, maua nimempa jirani. Tuko kwenye mwaka wa msiba, harusi haiwezekani mpaka Oktoba, kwa hiyo sina haraka. Binti, una chumba?"

"Kina baridi, mama."

"Nimekuja na makoti mawili."

Fumie akamgeukia Bi. Ogino, naye akampungia mkono aende, meza haitakimbia. Akashika mpini wa kiti kuelekea kwenye gari la wagonjwa, Eisuke akashika mwavuli. Nje theluji ya maji ilikuwa ikianguka kwa mshazari. Midomo ya mama yule ilikuwa bado na weusi kidogo, na Fumie hakuacha kuitazama. Miezi hiyo yote Aprili ilikuwa mahali pake pa kujificha. Sasa aliiogopa kwa sababu nyingine, isije ikachelewa, moyo ule usiingoje.

"Hayo maua yako," aliuliza Mama Eisuke, "yamebakiza muda gani?"

"Wiki kumi na moja."

"Nyingi."

"Nyingi, mama," alisema Fumie, akamvutia blanketi hadi kidevuni.