Walezi wa Mtemi Kalunde

Zamani zile pembe za ndovu zilipokwenda pwani mabegani mwa watu, na vitambaa vya marekani vikarudi bara kwa mabega yaleyale, palikuwa na boma liitwalo Igulya, katika nchi ya mtama na asali. Mtemi wake alikuwa mwanamke kijana, Kalunde binti Shigela, aliyevishwa shingoni kombe la utawala, lile gamba jeupe la konokono wa baharini, mara tu baba yake alipozikwa. Kombe lilikuwa zito, mkuki ulimzidi kimo, na adui alikuwa amekwisha kutuma salamu.

Adui huyo ni Lufunga, bwana wa magobore. Mjumbe wake alisema: "Binti, nifungulie lango kabla mwezi haujaandama, ama nitalifungua mwenyewe kwa moto."

Sasa, desturi ya Igulya ilimtaka mtemi mpya achague walezi wawili, wakae nyuma ya kigoda chake na kumfundisha kutawala. Siku ya kuchagua, uwanja ulifurika. Hujapata kuona wenye hekima wengi namna ile. Hata waliozoea kulala mchana kutwa waliamka na hekima zao. Aliyetangulia mbele ni Masele, baba mdogo wa Kalunde, mtu wa sauti nzuri na kitambi cha heshima.

"Mtemi, toka ukamkabili uwandani!" alinguruma. "Nani atasimama mbele ya mkuki wako? Wewe ni simba!"

Vigelegele vikapigwa. Kalunde akauinua mkuki, akaona raha.

Kicheko kikatoka nyuma. Alikuwa Nshoma, mjane muuza chumvi, wa ukoo wa watani wa watemi.

"Simba gani huyu anashika mkuki kama mwiko wa ugali? Umewahi kuua nini, mwanangu, zaidi ya chawa?"

Masele alifura, lakini mtani hafanywi kitu. Akimtukana mtemi, mtemi hucheka. Mtemi akinuna, humlipa mtani mbuzi. Ni watani haohao waliolala ndani ya kaburi la Shigela, wakagoma kutoka mpaka wapewe pombe, na marehemu hakulalamika.

Kalunde alinuna. Akalipa mbuzi. Alipokuwa akimkabidhi Nshoma kamba, akauliza polepole, "Mama, ni kweli sijui kupigana. Nifanyeje?"

"Kutojua si aibu. Aibu ni kwenda kujifunzia kwa Lufunga."

"Basi nifundishe wewe."

"Mimi najua mdomo tu. Vita kamwulize Kasanda."

Kasanda alikuwa jemadari wa zamani, ambaye Shigela alimfukuza nchini. Jina lake halikutajwa tena bomani. Lakini Kalunde alivua kombe, akajifunga kaniki ya mpagazi, akatoka na watu wawili wa mikuki. Walivuka mbuga juani, wakajilaza ndani ya matete wapelelezi wa Lufunga walipokuja kunywa maji, hata wakaingia msituni. Kasanda walimkuta akirina asali, macho mekundu kwa moshi.

"Baba yako alinifukuza kwa neno moja," alisema. "Nilimwambia hapana. Neno hilo ninalo bado. Siku ukilisikia vitani, mkuki umekwisha kuuinua na watu wako wote wanatazama, utafanya nini?"

Kalunde akafikiri. "Sijui, mzee. Nadhani nitakasirika."

Kasanda akatabasamu. "Ungesema utanitii, ningebaki na nyuki wangu."

Basi walezi wakawa Kasanda na Nshoma. Masele alisusa chakula, mpaka kilipoiva.

Lufunga akafika na watu wake wengi, magobore yakalia, moshi mzito ukafunika lango. Watu wa Igulya walijibu kwa mishale kutoka nyuma ya ua. Kisha, ghafla, jeshi la Lufunga likageuka, likatimua mbio kuelekea mashamba ya mtama.

"Wanakimbia!" Masele akapaza sauti. "Wafuate, Mtemi!"

Vijana wakalisukuma lango. Kalunde akauinua mkuki.

"Hapana," akasema Kasanda. "Mtu anayekimbia kwa hofu hutupa bunduki. Hawa wamezishika vizuri sana. Kuna wenzao wamelala humo mtamani."

Wote wakamtazama Mtemi. Hasira ikampanda usoni, kama alivyoahidi. Vijana wakanong'ona kwamba anaogopa.

"Nenda, mwanangu, nenda," Nshoma akambembeleza. "Utapata wimbo mzuri sana. Sisi tutauimba, wewe hutausikia."

Kalunde akashusha mkuki. "Fungeni lango."

Wakangoja. Jua likapanda, likawa kali, na mle mtamani hamkuwa na tone la maji. Mwishowe mmoja akasimama kujinyoosha, akafuata wa pili, kisha wakainuka kundi zima, wamelowa jasho, wakigombana. Hapo Kasanda akampa Kalunde ishara ya kichwa. Kalunde akatoka na watu wake kwa mlango wa nyuma, wakawapiga ubavuni kabla baruti haijashindiliwa. Lufunga aliikimbia nchi, na safari hii bunduki alizitupa.

Waimbaji wa Igulya waliusifu mkuki wa Kalunde. Hawakuimba kwamba uliwahi kushushwa langoni. Lakini desturi moja ilibaki nchini mle: anayetaka utemi hukaa kwanza uwanjani tangu jogoo mpaka adhuhuri, watani wakimsema wapendavyo, naye akitulia. Wasimulizi husema kwamba asubuhi hiyo, ndugu wengi wa ukoo wa watemi huamka wakiumwa tumbo, wasiweze kufika uwanjani.