Somo Lisilo na Vichwa vya Habari

Ndugu zangu, nisikilizeni. Palikuwa na mkunga aliyezalisha nusu ya mtaa wake, kisha akapofuka akiwa na miaka arobaini na tatu. Hakukata tamaa. Alijiunga na mafunzo ya mtandaoni ya kuwashauri wajawazito kwa simu, kazi isiyodai macho.

Asubuhi moja tulivu, mdogo wake alimwekea chai, akamwashia kompyuta inayosoma maandishi kwa sauti, akaenda kazini. Mkunga alitaka kurudia sehemu ya kifafa cha mimba. Akabonyeza kitufe cha kurukia kichwa cha habari kinachofuata.

"Hakuna vichwa vya habari," sauti ikasema.

Kurasa tisini! Ikabidi asikilize zote tangu mwanzo. Akampigia mwalimu.

"Mwalimu, somo lako halina vichwa."

"Vipo, mama. Nimevikoleza wino na kuvikuza."

"Hiyo ni kwa wenye macho. Usipouchagua mstari kuwa kichwa cha habari, kompyuta yangu inauona kama maneno ya kawaida tu."

"Sawa, nitaangalia."

Jamani, hiyo "nitaangalia" ilichukua miezi miwili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wanafunzi wenzake walipofika sura ya saba, yeye alikuwa bado kwenye ya pili. Aliona haya kuuliza, akaacha kuwajibu kwenye kundi lao la simu. Nao hawakumtafuta. Jioni moja mdogo wake alimkuta palepale, chai imepoa.

"Dada, leo umeongea na nani?"

"Na kompyuta."

Siku ya mtihani hakufungua hata swali moja.

Mwalimu alipoona mkunga hana alama, ndipo alipokumbuka. Akaketi, akaweka vichwa vyote kwa saa moja tu. Akapiga simu mbio.

"Mama, tayari! Rudi darasani."

"Nilikosa mtihani, nafasi yangu imeshafungwa, mwalimu. Watakaokuja watafaidi. Mimi nimeshazoea kukaa peke yangu."

Simu ikakatika.

FUNZO

Enyi mnaoandaa masomo mtandaoni, kukoleza wino si kuweka kichwa cha habari. Wekeni vichwa vya kweli: kikuu kwanza, vidogo chini yake. Na mwanafunzi akiwaambia njia imefungwa, ifungueni siku hiyohiyo. Saa moja aliyonyimwa yule mkunga ilimnyima kazi, ikamnyima na watu.