Waya Mbili, Sanduku Moja

Maneno yalimfikia Nyathira akiosha sufuria, na tangu siku hiyo hayakumtoka: Kipyegon ana bibi na mtoto huko Longisa.

Kipyegon wake! Yule aliyekutana naye sokoni Kapkatet mvua ikinyesha, amebeba roli ya waya begani. Waya ukanasa sweta yake ya manjano, ukavuta uzi.

"Haki wewe, umeniharibia sweta!"

"Pole, mrembo. Ni waya imekupenda, si mimi."

"Na wewe je?"

"Mimi nangoja jina kwanza."

Kumbe walikuwa wanaelekea mahali pamoja, kliniki ya kibinafsi juu ya steji ya matatu, ambako Nyathira aliandikisha wagonjwa kwenye kompyuta. Kipyegon alikuwa fundi aliyeitwa kufunga seva. Shati nyeupe imepigwa pasi, viatu vimejaa tope jekundu. Alimwonyesha waya mbili, bluu na manjano, zikitoka kwa seva kwenda kwa kabati la diski linaloweka faili za wagonjwa.

"Mbili za nini, na faili ni zile zile?"

"Moja ikikatika, ingine inabeba. Angalia." Akachomoa ya bluu. Faili kwenye skrini haikutikisika. "Umeona? Hata mimi, njia moja ikifungwa, nitakufikia na ingine."

"Fundi wewe, mdomo umejaa sukari!"

Basi kila siku saa nne simu ililia. "Malkia, umekunywa chai?" "Nimekunywa. Na usiniite malkia mbele ya daktari." Miezi minane ikapita hivyo, mpaka wazee wa Kipyegon wakapanga kuja kwa kina Nyathira kuposa, siku ya Jumamosi.

Jumatatu ya wiki hiyo ndipo shangazi yake Dorcus alipoleta yale maneno. Nyathira alicheka, akaendelea kusugua sufuria. Jumatano, Bitutu anayeuza mitumba akamwambia yale yale: "Dada, alionekana Longisa hospitali amebeba mtoto, mwanamke amemshika mkono."

Mama yake, Jecinta, hakulala vizuri tena. "Mmoja anaweza danganya," alisema. "Lakini wawili, Nyathira? Wawili?"

Nyathira hakumuuliza Kipyegon. Jumamosi asubuhi aliandika: "Waambie wazee wasikuje. Rudi kwa bibi yako." Akabloki namba. Wazee walikuwa wamefika Kaplong tayari, baba yake Kipyegon amevaa koti lake la harusi, mama yake amepakata kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Gari likageuzwa hapo hapo.

Baada ya siku mbili namba ngeni ilipiga. Sauti ya mwanamke ikasalimia, mtoto analia nyuma yake. "Chamgei, ni Nyathira? Mimi ni..." Nyathira akakata.

Ikaja mvua kubwa baada ya Pasaka. Radi ilipiga karibu na kliniki, na skrini zikawa tupu, faili hakuna, wagonjwa wamejaa benchi. Daktari alimwita Kipyegon. Alikuja amekonda, akasalimia kila mtu sawasawa.

"Si ulisema moja ikikatika ingine inabeba?" Nyathira aliuliza chini chini.

"Waya zilikuwa mbili kweli." Alishika swichi, kisanduku cha kuunganishia waya, kimeungua. "Lakini zote nilizipitisha kwa sanduku hii moja. Imekufa, zote zimekufa. Ni kosa yangu. Nilihesabu waya, sikufuata zinapita wapi."

Nyathira aliitazama ile sanduku, akawakumbuka wale wawili waliomletea maneno. Saa ya chakula alikimbia kwa Dorcus. "Shangazi, nani alikuambia?" "Maxine wa saluni." Akaenda kwa Bitutu. "Si ni Maxine, akinisuka!" Na Maxine, kitana mkononi, akasema, "Mimi niliona tu wametoka hospitali, mtoto amebebwa. Nikasema labda."

Alirudi akamkuta Kipyegon anafunga sanduku la pili.

"Yule wa Longisa ni nani?"

"Ni Nelvine, dada yangu. Alijifungua kwa kupasuliwa, hangeweza kubeba mtoto. Alikupigia akueleze. Ukakata."

"Nisamehe, mpenzi. Waambie wazee warudi."

"Nimekusamehe kitambo." Hakuinua macho. "Lakini mama alimwaga ile maziwa kando ya barabara. Baba amesema hapiti Kaplong tena kwa hii maneno. Na mimi siwezi kuja kuposa peke yangu kama mtu hana kwao."

Akachomoa waya ya bluu. Faili ikabaki. Akairudisha, akachomoa ya manjano. Faili ikabaki.

"Sasa iko sawa," alisema, akachukua begi yake, akashuka kwenda steji.

Sweta ya manjano Nyathira bado anayo, na ule uzi umevutika. Kwa hivyo, binti zetu, epukeni haya:

Kuamini jambo kwa kuwa limesemwa na wawili, kabla hujauliza hao wawili walilisikia wapi.

Kuandika ujumbe mahali ungeuliza swali.

Kukata simu kabla mtu hajataja jina lake.

Kurudisha wazee wakiwa njiani.

Na wewe mama, kumpa binti yako hofu yako aibebe.