Bodi Yangu, Prosesa ya Dada

"Mwizi mkubwa wewe!"

Kofi likatua shavuni... mbele za watu, kwa fundi kompyuta Machibya pale Buzuruga. Na aliyenipiga ni dada yangu Bernadeta, tumbo moja!

Jamani, ngoja niwaeleze.

Mama yetu aliuza dagaa soko la Mwaloni. Alitaka tufungue studio ya video za harusi, akawa ananunua kompyuta kipande kipande. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, akampa dada atunze, bodi inapokaa hiyo prosesa akanipa mimi.

"Hakuna atakayefanya kazi bila mwenzake," akasema, akacheka.

Akafariki kabla hajamaliza. Tukamalizia vilivyobaki, tukampelekea fundi.

Fundi akajaribu, akatikisa kichwa.

"Hizi ni kampuni mbili, mahasimu. Prosesa ya huyu haikai kwenye bodi ya yule. Hata ufanyeje!"

Dada akanigeukia.

"Tereza, umeuza bodi ya mama ukaleta hii!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyebadilisha prosesa!"

Ndipo likaja lile kofi...

Siku hiyohiyo akapanda basi stendi ya Nyegezi, akarudi kwa mumewe Bukoba. Simu hapokei. Arobaini ya mama hakuja! Nililia mpaka sauti ikakauka.

Juzi nikaingia duka moja mjini kuuliza bei ya prosesa. Nilivaa fulana ya msiba, ile yenye picha ya mama. Muuzaji akaikodolea macho.

"Huyu si yule mama wa dagaa? Amefariki?! Mimi ndiye niliyemuuzia prosesa."

Akaitaja. Ni ileile ya dada!

"Hukumuuliza ana bodi gani?"

"Sisi tunauza bidhaa za kampuni hii tu, dada. Alisema nipe iliyo bora."

Hapo nikaelewa. Mama wa watu alinunua kama alivyokuwa akinunua dagaa... anazunguka meza zote, kila meza anachukua walio bora. Na kila duka lilimsifia mali yake, basi.

Hakukuwa na mwizi!

Ndugu zangu, kabla hujanunua kifaa, uliza kinaingiliana na kipi. Na kikikataa, usikimbilie kumwita mwenzako mwizi.

Dada Bernadeta, namba yangu umeiblok, ila najua huku mtandaoni huwa unapita.

Bodi ya mama, sasa ndiyo nimeiuza kweli. Nimenunua inayokubali prosesa yako. Ipo mezani hapa, wazi, inaisubiri.

Njoo nayo, dada. Hata kama utanipiga tena, njoo tu.