Nukta ya Picha ya Nne

Kila Jumatatu, masomo yalipokwisha, wanafunzi wa chama cha elimu ya anga walivua viatu mlangoni pa chumba cha kompyuta, wakapangusa vumbi kwenye vioo kwa kitambaa kikavu, kisha wakaketi wawili wawili na kuanza kukonyeza. Ndivyo walivyoiita kazi yao. Kituo cha darubini kilichokuwa juu ya kilima kiliwapelekea picha nne za kipande kimoja cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika chache. Ukizibadilisha picha hizo harakaharaka, anga huwa kama linakukonyeza. Nyota hazisogei, lakini asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka Jua, huruka kidogo kutoka picha hii hadi ile.

Msichana mmoja alisifika kwa kazi hiyo hata akapewa jina la Kipanga, kwa ukali wa macho yake. Mwenzake wa dawati, msichana pia, aliitwa Kobe, kwa kuwa alizirudia picha mpaka wengine wakapiga miayo. Jumatatu moja Kobe ndiye aliyetangulia kupata. Nukta yake ilikuwa hafifu kama punje ya vumbi, lakini ilikuwamo katika picha zote nne.

"Jamani, leo Kobe amempita Kipanga!" mmoja alicheka. "Vipi, Kipanga, mabawa yameloa?"

Kipanga alifura. Yeye pia alikuwa amepata nukta, tena yenye kung'aa kuliko ya Kobe. Ilisogea katika picha ya kwanza, ya pili na ya tatu. Katika ya nne haikuwapo. Alibofya kipanya cha kompyuta, akakonyeza tena na tena; mahali pale palikuwa peusi.

"Andika kwamba katika ya nne hukuiona," Kobe alimnong'oneza. "Mwalimu alisema kamera nayo hutia madoa yake."

"Nani kakuuliza? Shughulika na kapunje kako!"

Kobe alipogeuka, Kipanga aliegemeza rula kwenye kioo, akaziunganisha zile nukta tatu, akakadiria mahali ambapo ya nne ingepaswa kuwa. Katika taarifa yake aliandika kwamba nukta ilionekana katika picha zote nne, akaituma kituoni.

Majibu yalifika Alhamisi. Mwalimu wa sayansi alieleza kwamba juma hilo kituo kingeweza kufuatilia nukta moja tu ya shule yao, nacho kilikuwa kimechagua ya Kipanga, kwa kuwa inang'aa zaidi. Wenzake walimbeba juujuu. Kobe peke yake hakupiga makofi.

"Mwalimu, na yangu je?"

"Yako itangoja, mwanangu. Ila nisikufiche: imekaribia kuingia upande wa Jua. Ikishazama katika mwanga huo, hatutajua imekwenda wapi. Asteroidi isiyopimwa mara ya pili hupotea."

Kobe alikusanya vitu vyake, akatoka bila kuaga.

Shangazi yake Kipanga, aliyeishi nao nyumba moja, alikuwa mpimaji wa picha katika kituo kile. Kesho yake asubuhi alirudi kutoka kazini akiwa bado amevaa koti zito, maana ukumbi wa darubini ni wa baridi. Hakuitikia shikamoo. Alivuta kiti cha jikoni, akakipiga kwa kiganja.

"Keti hapa. Usiku kucha tumeikodolea macho nukta yako. Hapana kitu! Si pale, si pembeni yake. Katika picha ya nne uliipataje?"

"Ilionekana, Shangazi."

"Nani aliiona?"

"Ilionekana tu... katika picha."

Shangazi alipiga meza, kikombe kikaruka. "Usinichezee kitenzi! 'Ilionekana' haimtaji aliyeona. Hilo ni neno la mtu anayetafuta mlango wa nyuma. Nataka kitenzi chenye mtu ndani yake. Niliona, au sikuona? Chagua!"

Kipanga alifoka. "Mbona Kobe hamumuulizi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu vipimo vya Kobe vinatetereka kidogo, kama vipimo vyote vya mkono wa binadamu. Vyako vitatu vinatetereka. Cha nne kimenyooka kama kamba iliyovutwa. Nami nilipaswa kuligundua hilo mapema, na kwa hilo nimejikasirikia mwenyewe. Leo mchana mkuu wa kituo anapanga kazi ya jioni. Usiposema kweli, darubini itarudi pale pale, na nukta ya mwenzako itatokomea. Haya, sema!"

Kipanga alitazama sakafu. Machozi yaliyomtoka yalikuwa ya ghadhabu kabla hayajawa ya aibu.

"Sikuona," alisema. "Niliweka rula."

"Rula!" Shangazi alisimama. "Mtu mzima na akili yangu, nimekesha kwenye baridi nikitafuta rula! Vaa viatu. Mimi ninampigia simu mkuu wa kituo. Wewe utaisema sentensi hiyo shuleni, kwa kinywa chako."

Akaisema, mbele ya Mwalimu na chama kizima, akaomba samahani. Hakuna aliyecheka. Kobe alisimama.

"Nilikuambia uandike kwamba hukuiona, ukanitolea maneno! Kama yangu imepotea, hiyo samahani yako nitaipeleka wapi?"



Jumatatu iliyofuata, Shangazi alikwenda shuleni mwenyewe. Akawaeleza kwamba mkuu wa kituo alikuwa amebadili mpango. Jioni ile ya Ijumaa mawingu yalitanda, yakaachia upenyo mdogo, nao ukatosha: nukta ya Kobe ilikutwa katika njia ile ile iliyotokana na vipimo vyake, ikapimwa upya. Haitapotea tena. Chumba kililipuka kwa shangwe.

Kipanga alimnyooshea Kobe mkono. Kobe aliutazama tu. "Bado nina hasira nawe."

"Haya, haya, peaneni mikono yaishe," Mwalimu alisema.

"Mwache, Mwalimu," Shangazi alimkatiza. "Hasira hiyo ni haki yake. Anayekiri kosa hapati amri juu ya moyo wa aliyemkosea." Kisha akawageukia wote, uso wake haujalainika. "Nanyi sikilizeni. Hatukuwatuma mtuletee asteroidi. Tuliwaomba macho yenu. Mtu akituambia kwamba hakuona, ametupa habari: tunajua mahali pale ni patupu, tunaigeuza darubini kwingine. Lakini anayejaza pengo kwa uongo huwapofusha wote watakaotazama baada yake, hata walio hodari kuliko yeye. Picha mpya zimefika. Fanyeni kazi."

Kipanga alisimama nyuma ya dawati, asijue aende wapi. Kobe alisogeza kiti chake bila kumtazama.

"Keti," alisema. "Lakini kipanya nakishika mimi."