Vioo Vitatu vya Profesa Roosmalen

"Maharage yameiva. Nani anavuna?"

Nestor Mwendanga aliinamia redio iliyofichwa chini ya sanduku la filamu. Ilikuwa saa saba mchana, Masisi, Mei 1952. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya vilima.

"Navuna mimi. Sema."

Sauti kutoka Costermansville, makao makuu ya jimbo, ilikuwa kavu. Ilikuwa ya mkuu wake, mzungu ambaye hakuwahi kumpa mkono.

"Mmoja wa maprofesa ameiba siri za madini. Ndege ya wanunuzi wa kigeni inamsubiri Goma jioni hii. Mzuie. Leta alichobeba."

"Profesa yupi?"

"Tungemjua, tungekuhitaji wewe?"

Redio ikakatika.

Nestor aliifunika redio. Alikuwa jasusi wa serikali ya Wabelgiji kwa miaka saba, na bado alisemeshwa kama mpishi aliyeunguza supu.

Alichomeka bastola yake, Browning, chini ya koti. Akaelekea ukumbini.

Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilikuwa kimeleta wasomi wake Masisi kwa wiki nzima ya mihadhara. Kila profesa aliwaeleza utafiti wake wenzake wa fani nyingine: mtaalamu wa mimea amsikilize daktari, daktari amsikilize mtaalamu wa lugha. Wazo zuri. Nestor alilipenda, na hilo ndilo lililomuuma. Mtu mweusi aliyeruhusiwa mle ndani alikuwa mmoja tu, yeye, kwa sababu alijua kuendesha mashine ya Leitz ya kuonyesha picha.

Madirisha yalizibwa kwa blanketi. Taa ya mashine ikawaka.

Wa kwanza alikuwa Profesa Colette Maes, mtaalamu wa lugha. Ramani yake, iliyochorwa kwenye kioo, ilionyesha majina ya vilima vya Walikale: Jiwe Zito, Maji Meusi, Mahali Panapong'aa. Kila jina na nukta yake. Kisha akaonyesha picha ya mzee mwenye upinde.

"Mwenyeji aliyenisaidia," alisema.

Hakutaja jina.

Nestor alilijua. Papa Kubuya, mwindaji. Wiki tatu zilizopita aliopolewa kutoka mto Lowa akiwa na risasi mgongoni. Ripoti ya polisi ilisema kwamba alizama.

Nestor akabadilisha kioo.

Mtaalamu wa mimea alionyesha mahali panapoota ua dogo la zambarau, linalopenda udongo wa aina moja tu. Daktari alionyesha vijito ambavyo maji yake huwaumiza watu tumbo. Wote watatu walikuwa wamechora ramani kwa kipimo kilekile. Ndivyo alivyoagiza mwandalizi wa mihadhara, Profesa Armand Roosmalen, mtaalamu wa miamba.

Roosmalen mwenyewe hakuonyesha kitu. Alikaa mbele, miguu imenyooshwa, akitabasamu.

Kwa nini kipimo kimoja?

Nestor aliweka vioo vitatu kimoja juu ya kingine, akaviinua karibu na mwanga uliokuwa ukivuja nyuma ya mashine.

Nukta zilikutana mahali kumi na mbili.

Jina, ua na maji. Kila mmoja alileta kipande chake bila kujua, na vipande vyote pamoja vilionyesha lilipo jiwe jeusi ambalo viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vikililia.

"Boyi," Roosmalen alisema mhadhara ulipokwisha. "Lete vile vioo."

Mbele ya wazungu wote wale Nestor hakuweza kumzuia; alimpa. Roosmalen alivitia katika mkoba wa ngozi na kutoka. Gari lake, Chevrolet la kijani, likanguruma kuelekea Sake, njia ya Goma.

Nestor alikimbia uani. Verdiane, mfuaji wa nguo za wageni, alimshika mkono.

"Kaka Nestor, ngoja. Nilifua koti ya ule Profesa mukubwa mwenye ametoka sasa. Mu mufuko nilipata hii."

Kikuku cha shaba.

"Njo ya Papa Kubuya," alisema. "Mujane wake, Mama Sidonie, iko na kikuku ya pili ya kufanana. Ninasali naye mu kanisa kila yenga."

"Ulimuambia nani?"

"Nimuambie nani? Nani atanisikiya?"

"Mimi nimekusikiya, dada."

Nestor alikitia kikuku mfukoni. Pikipiki yake, BSA, iliwaka kwa teke la kwanza.

Barabara ya gari ilizunguka mlima mzima. Njia ya ng'ombe iliukata katikati. Nestor alichagua njia ya ng'ombe. Matope yalimrukia usoni. Mara mbili pikipiki ilimponyoka, mara mbili akainyanyua. Mvua ikaanza.

Alitokea kijijini Karuba dakika tano kabla ya Chevrolet.

Mfugaji alikuwa amesimama chini ya kofia yake pana, na ng'ombe arobaini wakila majani kando ya barabara.

"Papa Ndagijimana, uniazime ngombe zako. Zisimame mu barabara."

"Juu ya nini, sababu gani?"

"Muzungu mumoja anakuya na motokari. Aliua muntu."

Mzee alimtazama kidogo. Hakuuliza zaidi. Alipiga mluzi, na barabara ikajaa pembe.

Chevrolet lilitokea konani. Breki zikalia. Gari likateleza, likagota ukingoni kwa pua.

Roosmalen alishuka na bastola ya Walther mkononi.

"Ondoa wanyama hawa!"

"Tupa silaha," Nestor alisema nyuma yake.

Profesa aligeuka akifyatua. Risasi ilipita sikioni. Nestor alifyatua mara moja. Walther ikaruka matopeni, na Roosmalen akapiga magoti akishika mkono uliovuja damu.

"Wewe? Boyi wa picha?"

"Jina langu ni Nestor Mwendanga. Yule uliyemuua anaitwa Kubuya. Yataje yote mawili ukifika mahakamani."

Roosmalen alicheka kwa maumivu. "Alinionyesha kilima kimoja, kisha akataka kwenda kuonya vijiji. Ningefanyaje? Nani atamhukumu mzungu kwa ajili ya mwindaji?"

Nestor alisogea mpaka mdomo wa Browning ukagusa paji la uso. Kidole kilikuwa juu ya kifyatuo. Alikitaka kile kishindo. Alikitaka kwa mwili mzima.

"Mutoto," Papa Ndagijimana alisema taratibu. "Akikufa hapa, watachoma Karuba yote."

Kidole kilitoka. Polepole.

Nestor alimfunga pingu kwenye usukani, akafungua redio iliyofungwa nyuma ya pikipiki.

"Mwizi amekamatwa. Karuba. Ni muuaji pia. Ushahidi upo, na mashahidi wapo."

"Uuaji tutauona baadaye," mkuu alijibu. "Kile alichobeba?"

Nestor alifungua mkoba. Vioo vitatu, visafi, bila ufa. Akilini aliona malori yakiingia Walikale. Aliona nyumba zikivunjwa juu ya vilima kumi na viwili, na watu wakitembea mvuani na masufuria kichwani. Wanunuzi wa kigeni au mkuu wake, kwa watu wale lilikuwa shoka lilelile.

Aliviweka juu ya jiwe. Akavikanyaga kwa kisigino, akavisaga hadi vikawa unga, mvua ikauosha.

Roosmalen alipiga kelele kama mtu aliyechomwa.

"Nestor? Kile alichobeba?"

"Kimevunjika. Gari lilianguka."

"Chote?"

"Chote."



"Basi Profesa atatuambia kwa mdomo," mkuu alisema.

"Aseme. Nukta za ramani tatu hazikai kichwani, na wenzake wakisikia ya Kubuya hawatampa karatasi nyingine. Profesa Maes nitamweleza mwenyewe."

"Hukupewa ruhusa hiyo. Ngoja askari, kisha urudi Masisi. Kesho kuna mihadhara, mashine inahitaji mtu."

"Wajifunze kuiendesha," Nestor alisema. "Wao ndio wasomi."

Akazima redio.

Askari walipofika na kumchukua Roosmalen, Nestor alimshukuru Papa Ndagijimana kwa mikono miwili, akapangusa kiti cha pikipiki kwa mkono wa koti, na kuondoka bila haraka katikati ya ng'ombe.